Ingieni Majumba kwa Milango Yake: Nasaha juu ya Wageni wa Busia na Malaba

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa mume mmoja na mke mmoja, akatufanya mataifa na makabila ili tujuane. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, ambaye yeye mwenyewe aliutoka mji wake akiandamwa, akapokewa ugenini. Na ziwafikie jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa zetu pameulizwa swali, na swali hilo hilo lasikiwa barazani na sokoni: Nini hukumu ya mtu aingiaye nchi ya watu pasi na ruhusa? Na nchi yenyewe yapaswa kumtendea nini? Wako wasemao kuwa ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu, basi kila mtu na apite apendapo. Na wako wasemao kuwa mgeni asiye na cheti ni mwizi, hana haki yoyote, na afukuzwe usiku huo huo. Makundi yote mawili yamekosea, kila moja limeshika upande mmoja wa haki likauacha wa pili. Nasi twataka kulieleza jambo hili kwa kadiri ya ufahamu wetu, na mfano wetu utakuwa mpaka wa Kenya na Uganda, katika miji ya Busia na Malaba.

Huenda msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akasema: "Busia na Malaba ziko mbali nasi, zatuhusu nini?" Twamjibu yakuwa zatuhusu kwa mambo matatu. La kwanza, milango ile miwili ndiyo itokeayo njia ianzayo Kilindini. Shehena nyingi ishukayo bandarini kwetu kwenda Uganda na nchi zilizo nyuma yake hupita hapo kwa malori, na nyumba nyingi za mji wetu hula kwa riziki hiyo. La pili, wazee wetu walitangulia kupita huko, nao walikuwa wageni. Misafara ya Waswahili iliyokuwa ikienda Buganda katika karne ya 19 ilipumzika Mumias, kwa wafalme wa Wanga, Shiundu na mwanawe Mumia. Hapana aliyewadai cheti. Walipewa pahali pa kulala na soko la kununua chakula, na kwa kukaa kwao Uislamu ukashika mizizi katika nchi ile hata leo. La tatu, wageni waingiao kwa milango ile hawabaki huko wote. Wengine wamefika mijini mwetu, wamo majikoni mwetu wakipika na kufua na kulea watoto wetu. Na mas'ala yao yako juu ya shingo zetu.

Tena yafaa kujua yakuwa mpaka ule si wa zamani sana. Kabla ya mwaka 1902, nchi yote ile, mpaka pande za Naivasha, ilihesabiwa kuwa ni Uganda. Mwaka huo Waingereza waliikata wakaitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya. Watu hawakuhama, mstari ndio uliohama. Kwa sababu hiyo Wateso wako pande zote mbili, na Wasamia kadhalika, na Busia ni mji wenye jina moja na serikali mbili. Mtu ana shamba upande huu na shangazi yake upande ule. Neno "boda-boda", ambalo leo lajulikana Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa mpakani hapo, kwa wenye baiskeli waliokuwa wakiwachukua abiria toka kituo cha nchi moja mpaka kituo cha nchi ya pili.

Sasa tuingie katika hukumu. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 189, Mwenyezi Mungu awakataza watu kuziendea nyumba kwa nyuma, na awaamrisha kuziingia kwa milango yake. Aya hii ilishuka kwa ajili ya ada ya zama za ujahili, walipokuwa watu wakiisha kuhirimia Hija wakidhani ni ibada kutoingia kwa mlango. Na katika Sura ya An-Nur, aya ya 27, tumekatazwa kuingia nyumba isiyo yetu mpaka tubishe na tuwatolee salamu wenyewe. Ikiwa nyumba ya mtu mmoja ina heshima hii, nyumba ya watu milioni nyingi, yaani nchi, yastahiki heshima hiyo pia. Serikali ina haki ya kuweka mlango na bawabu, na kuuliza: Nani wewe, watoka wapi, wataka nini? Na Muislamu aliyepewa ruhusa ya kuingia, naye akakubali masharti yake, amefunga ahadi. Na kutimiza ahadi ni amri ya Mwenyezi Mungu katika aya ya kwanza ya Sura ya Al-Maida. Basi asidanganywe mtu na asemaye kuwa njia za panya, zile za migombani na za kuvuka mto usiku, hazina ubaya. Zina ubaya. Njia hiyo hiyo apitayo masikini mtafuta kazi ndiyo apitayo mwenye magendo na mwenye silaha.

Lakini tazameni vizuri, enyi ndugu. Aya ile iliyomwamrisha mgeni aingie kwa mlango yataka kwanza pawe na mlango. Nyumba ambayo mlango wake umefungwa kwa misumari, au haufunguliwi ila kwa hongo, mwenyewe hana uso wa kulalamika yakuwa watu wapita dirishani. Hapa ndipo ulipo wajibu wa nchi. Nasi twashukuru yakuwa kuna mema yaliyofanywa. Tangu mwaka 2010 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina mkataba wa soko la pamoja, unaowapa raia wao njia ya kwenda na kufanya kazi baina yao. Tangu mwaka 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda waweza kuvuka kwa kitambulisho cha nchi zao, bila ya pasipoti. Na Februari ya mwaka 2018 marais wa nchi mbili, Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, walikifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu, katika nchi aiingiayo, badala ya kusimamishwa pande zote mbili. Huu ndio mlango uliopanuliwa, na kila mlango upanukapo, njia za panya hupungukiwa na wapitaji.

Basi mbona wangali wapo wapitao migombani? Wako wasiokuwa na kitambulisho, kwa kuwa ni watoto, au kwa kuwa serikali yao haikuwafikia. Wako wanaochukuliwa na madalali, hao ndio tutakaowazungumza hapa chini. Wako wanaokimbia vita wakiogopa kila mwenye sare. Na wako wenye nia mbaya. Hawa si watu wa namna moja, na hakimu awahukumuye kwa hukumu moja amewadhulumu.

Tuna mfano katika sira ya Mtume (S.A.W.) utuoneshao namna ya kupambanua. Mwaka wa 6 wa Hijra, katika mapatano ya Hudaibiya, Makuraishi walishurutisha yakuwa mtu wao atakayekimbilia Madina bila ya idhini atarejeshwa. Wino haujakauka, akaja Abu Jandal, mwana wa Suhail bin Amr aliyekuwa akiyaandikisha mapatano hayo kwa upande wa Makuraishi, akijikokota kwa minyororo, akiwalilia Waislamu. Mtume alimrejesha, kwa kuitimiza ahadi, huku akimpa moyo yakuwa Mwenyezi Mungu atamfanyia faraja. Jambo hilo liliwachoma sahaba nyoyo zao. Hapa pana dalili kuwa mapatano baina ya mataifa ni kitu kizito, wala hayavunjwi kwa huruma ya saa moja. Lakini khabari haikwishia hapo. Walipokuja wanawake waumini wakikimbia, ilishuka aya ya 10 ya Sura ya Al-Mumtahana, ikaamrisha kwanza wahojiwe, na ikijulikana ukweli wao wasirejeshwe, na waume zao warudishiwe mahari waliyotoa. Tazameni mambo matatu yaliyokusanyika hapo: kuuliza kabla ya kuhukumu, kumlinda ambaye kumrejesha ni kumtia katika mateso, na kutomdhulumu hata yule aliye upande wa pili.

Na kabla ya hapo palikuwa na Najashi, mfalme wa Uhabeshi. Waislamu wa mwanzo walipokimbilia kwake, Makuraishi walimpelekea wajumbe na zawadi ili awatoe wageni wale bila ya kuwasikiliza. Najashi alikataa. Aliwaita barazani, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib mpaka mwisho, kisha akazirudisha zawadi. Mfalme huyu alikuwa Mkristo, na wageni wake walikuwa Waislamu. Basi kiongozi wa leo aonaye uzito kumsikiliza mkimbizi wa Kongo au wa Sudani ya Kusini na apime nafsi yake kwa mizani ya Najashi.

Huenda mtu akasema: "Maneno haya ni mazuri, lakini sisi tumeuawa. Tumeona Westgate mwaka 2013, tumeona Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, walipouawa watu 148. Mpaka ulio wazi ni kifo." Twasema: hofu hiyo si ya upuuzi, na kuulinda uhai wa watu ni katika makusudio makubwa ya sharia. Lakini mmoja katika wauaji wa Garissa alikuwa Mkenya, kijana aliyesoma sheria katika chuo kikuu cha hapa hapa. Ugeni si dalili ya uovu, wala uraia si dalili ya wema. Na serikali ikamatayo watu kwa sura zao huwachosha askari wake kwa wasio na hatia, na mwenye hatia akapita kando. Mwaka 2014 palifanywa msako mkubwa Nairobi, khasa Eastleigh, maelfu ya watu wakakamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Wakaingizwa humo mgeni na mwenyeji, na waliokuwa na vyeti pamoja na wasiokuwa navyo. Jirani zetu Wasomali hawajayasahau.

Wala sisi wa pwani hatuna haja ya kuhadithiwa. Mwezi wa Julai mwaka 2010, baada ya mabomu ya Kampala yaliyowaua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama mpira, Wakenya kadha walikamatwa wakavushwa mpaka kupelekwa Uganda, bila ya kufikishwa kwanza mbele ya hakimu wa kwao. Mahakama Kuu ya Nairobi ililaumu kitendo hicho mwaka huo huo. Mwaka 2016 mahakama ya Uganda iliwatia hatiani baadhi ya washitakiwa, na wengine ikaona hawana hatia. Sisi hatuwatetei wauaji. Damu iliyomwagika Kampala ni haramu kama damu iliyomwagika Garissa. Twasema tu: tulilia siku ile kwa sababu watu wetu walivushwa bila ya kusikilizwa. Basi tukinyamaza leo anapovushwa mtu wa Uganda au wa Burundi bila ya kusikilizwa, kilio chetu kilikuwa cha ujamaa, hakikuwa cha haki.

Tena mpaka una pande mbili, na mwenye nyumba wa leo ni mgeni wa kesho. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanya kazi wa Kenya waliokuwa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 kutoka, na baadhi yao walipita kwa treni, wakiporwa mali zao njiani na askari, mpaka Mombasa kupanda meli. Mbele ya macho ya wazee wetu walio hai. Kisha zamu ikatugeukia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya walipochinjana, maelfu walikimbilia Uganda kwa milango hiyo hiyo ya Busia na Malaba, wakapokewa, wakapelekwa Mulanda karibu na Tororo, na baadaye Kiryandongo. Usiku ule wa kukimbia mapanga hakuna aliyekuwa na wasaa wa kutafuta pasipoti. Lau Uganda ingesema "asiye na cheti na arudi alikotoka", wangapi wangalirudi makaburini?

Sasa tuje kwa madalali, nalo ndilo jambo tulilolikusudia zaidi. Bukhari amepokea hadithi ambayo Mwenyezi Mungu awataja watu watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akaivunja, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemuajiri mtu akaitimiza kazi yake kisha asimpe ujira wake. Ndugu zangu, watu hawa watatu wote wapo katika njia ya Busia. Kuna wasichana watolewao Karamoja na pande nyingine za mashariki ya Uganda, wengine wangali watoto, wakaambiwa wanaletwa Kenya kusoma au kufanya kazi njema. Kisha wakatawanywa majumbani. Aliyewaahidi amevunja ahadi. Aliyewapokea kwa fedha amekula thamani ya mtu huru. Na tajiri wa nyumba asiyewalipa ndiye wa tatu. Kati yao amesimama mla rushwa aliyefumba macho kituoni, naye pamoja na aliyempa wamelaaniwa na Mtume.

Kanuni za Kenya zenyewe zajua tofauti ya makosa haya. Sheria ya mwaka 2010 juu ya biashara ya watu yamhukumu dalali kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Na sheria ya uhamiaji ya mwaka 2011 yamhukumu akaaye nchini kinyume cha sheria kifungo kisichozidi miaka 3, au faini isiyozidi shilingi 500,000, au yote mawili. Waliotunga wameona kuwa muuzaji ni mkosa mkubwa na muuzwaji ni mdogo, pengine si mkosa kabisa. Lakini anayeonekana akipandishwa karandinga ni nani? Ni msichana, kwa kuwa hana wakili wala fedha. Nchi itakayo kweli kuufunga mlango wa nyuma na ianze na mwenye ufunguo wake.

Hapa twageuka kwenu, enyi watu wa miji ya pwani, na tusikasirikiane kwa neno la haki. Miaka mingi sasa twalia juu ya binti zetu waendao Ghuba kufanya kazi za nyumbani: wanyang'anywa pasipoti, wafanyishwa kazi usiku na mchana, warudi na makovu, na wengine hurudi katika sanduku. Kilio hicho ni cha haki. Lakini huyo binti wa Kiganda aliyeko jikoni mwako, cheti chake kiko wapi? Hukukificha kabatini ili asiondoke? Mshahara wake wa mwezi uliopita umempa? Anapokudai, humtishi kwa polisi na uhamiaji? Ukimfanyia hayo, wewe ndiye bwana wa Ghuba unayemlaani, ila unasema Kiswahili. Kutokuwa na cheti hakuhalalishi jasho la mtu. Kosa lake ni baina yake na serikali. Ujira wake ni deni lililo juu yako, utalilipa hapa au utalilipa huko.

Wala msiseme "hawa si watu wa hapa" kwa wepesi wa ulimi. Neno hilo tumelila sisi wenyewe. Ni wangapi katika pwani yetu waliozaliwa hapa, na baba zao wakazaliwa hapa, nao wakaambiwa hawana nchi? Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu mwaka 2016 kwenda Nairobi kudai uraia, wakatambuliwa mwaka 2017. Na Wapemba wa pwani wakatambuliwa mwaka 2023. Aliyeonja uchungu wa kuitwa mgeni kwao hafai kuwa wa kwanza kumrushia mwenziwe neno hilo.

Basi kwa mukhtasari, rai yetu ni hii. Nchi na iulinde mlango wake, na iufanye mpana, na cheti kiwe rahisi kupatikana pasi na hongo. Kila aingiaye na asikilizwe kabla ya kurejeshwa, na mkimbizi asirudishwe panapo mauti yake. Jirani wa mpakani na apewe wepesi wa kwenda shambani kwake na kwa jamaa zake. Mwenye uovu na ashikwe kwa uovu wake, si kwa kabila lake. Na ukali wa dola na umwangukie muuza watu na mla rushwa kabla ya kumwangukia aliyeuzwa.

Na sisi Waislamu, kila mmoja ana lake. Mwenye mfanya kazi mgeni na amlipe, na amsaidie kupata kibali. Na ikiwa ni mtoto, basi asimfanye mtumishi, bali apeleke khabari zake kwa wanaohusika ili arejeshwe kwao kwa amani. Mwenye lori apitaye Malaba asichukue mtu kwa magendo, wala asitoe hongo akaiita chai. Kamati za misikiti na zikumbuke yakuwa mwananjia ametajwa katika mafungu manane ya zaka, katika aya ya 60 ya Sura ya At-Tawba, wala fungu lake halikufutwa. Ni misikiti mingapi iliyo kando ya njia kuu iwezayo kumtafutia msafiri aliyekwama chakula cha usiku na nauli ya kurudi kwao? Jambo hilo halihitaji serikali. Lahitaji daftari, mweka hazina muaminifu, na nia.

Ansari wa Madina hawakuwa matajiri, na Muhajirina waliowajia walikuwa hawana kitu. Mwenyezi Mungu amewasifu katika Sura ya Al-Hashr yakuwa waliwapenda waliohamia kwao, na waliwatanguliza juu ya nafsi zao ijapokuwa wao wenyewe walikuwa na dhiki. Tumwombe atujaalie tuwe wenye kuingia majumba kwa milango yake, na wenye kuufungua mlango abishapo mwenye haki. Atuepushe na kula jasho la mnyonge, na awarejeshe salama watoto wetu walio ugenini kama tutakavyowafanyia wema watoto wa wenzetu walio kwetu. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.